Gari halikuzima, lakini giaboksi imekunywa maji

"Fundi, nilivuka bila gari kuzima, kwa hiyo maji hayajaingia." Kila masika yakifunika barabara ya Jangwani, Dar es Salaam, siku chache baadaye naletewa Toyota IST ya otomatiki inayosita ukiweka D (gia ya kwenda mbele), na kauli ni hiyohiyo. Wengine wameshapewa na tiba ya kijiweni: liache lingurume, maji yatakauka.

Injini huzima ikivuta maji kwa njia yake ya hewa. Giaboksi ina tundu lake la kupumulia. Ikizama ikiwa ya moto, hewa ya ndani hupoa, husinyaa na kuvuta maji humo. Injini wala haina habari.

Chomoa stiki ya giaboksi, kijiti cha kupimia oili yake. ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki) nzima ni nyekundu, inaangaza. Iliyoungua ni kahawia na inanuka. Yenye maji ni pinki nzito, kama maziwa ya stroberi. Maji yakiwa kidogo rangi haikuambii kitu. Dondosha tone kwenye bati la moto, likitatarika yamo.

Sasa linaloniudhi hasa: pinki hiyo huja hata kiangazi! Magari mengi hupozea ATF ndani ya rejeta. Mtu anajazia maji ya kisima, ya chumvi, mwaka baada ya mwaka, kutu inakula ukuta wa katikati, maji na ATF vinachanganyika. Kwa hiyo injini ikishapoa fungua rejeta kwanza. Ukikuta mafuta yanaelea, usimwage oili kabla ya kubadilisha rejeta. Utaichafua mpya jioni ileile.

Kumwaga kupitia sampo, bakuli la chini ya giaboksi, hutoa sehemu tu ya oili, nyingine inabaki kwenye tokonveta, kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi. Mwaga, jaza, pitisha gia zote, rudia mpaka nyekundu irudi. Hapo bado siahidi kitu. Sahani za klachi za ndani ya giaboksi zimebandikwa karatasi maalumu kwa gundi. Karatasi hunyonya maji, gundi huachia. Imenyonya kiasi gani? Bila kufungua sijui. Kuna giaboksi niliyoikatia tamaa inayopiga kazi mpaka leo, na kuna iliyotoka nyekundu safi ikaja kuteleza baadaye.

Oili soma kwenye stiki yenyewe au kitabu cha gari: T-IV si WS (zote ATF za Toyota), na CVT, giaboksi isiyo na gia za hatua, ina yake. "Nyekundu zote moja" mwachie muuzaji.

Likizama, usiwashe. Livutwe, magurudumu yanayoendeshwa na giaboksi yakiwa juu, maana injini ikizimwa pampu haisukumi oili.