Haramia, haramu na nakala ya programu

Juzi kwenye semina moja ya kompyuta mkufunzi alituambia hivi: "Kunakili programu bila leseni ni uharamia, yaani ni haramu, yaani ni wizi." Yaani mbili, na zote mbili zimeteleza.

Hakimiliki ni haki ambayo sheria inampa mtunzi aamue nani anakili kazi yake na nani aisambaze. Programu inalindwa kama maandishi ya kitabu. Mkataba wa TRIPS wa 1994, ule wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu mali ya ubunifu, unasema hivyo, na Tanzania ina sheria yake ya 1999, Kenya ya 2001. Ukinakili bila ruhusa umeivunja sheria. Hapo sibishani na mtu.

Nabishana na neno. Haramia tumelichukua kwa Waarabu: harami, yaani mwizi, mnyang'anyi. Mzizi wake unabeba maana ya kitu kilichozuiwa au kilichowekewa mpaka, na humo humo tumepata haramu, ihramu anayovaa haji, na maharimu, wale jamaa usioweza kuoana nao. Msikiti wa Makka nao unaitwa Haram, na hakuna anayedhani ni mahali pa dhambi. Undugu wa maneno hauyafanyi yawe na hukumu moja.

Waingereza ndio walioanza kumwita mtu anayechapa kitabu cha mwenzake haramia wa baharini. Walianza kabla hata ya sheria yao ya hakimiliki ya 1710, kwa hiyo tusi liliitangulia sheria. Ila kwao tusi hilo linanuka chumvi na baruti tu. Sisi tulipolitafsiri likaingia na harufu ya msikitini, na sasa mtu akisikia "uharamia" anadhani fatwa imeshatoka.

Fatwa haitoki kwenye mzizi wa neno. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Kuwait mwaka 1988, wanazuoni walilijadili suala la haki za utunzi na uvumbuzi, wakaamua kuwa ni haki zenye thamani ya mali na hazifai kukiukwa. Walifika huko kwa hoja. Anayetaka kusema haramu apite njia hiyo, asiishie kwenye kamusi.

Na wizi? Mwizi wa baiskeli anakuacha utembee kwa miguu. Anayenakili programu yako anakuacha nayo. Anachokukosesha ni malipo, pengine, na uamuzi uliokuwa wako. Mahakama ya Juu ya Marekani iliiona tofauti hiyo mwaka 1985 katika kesi ya Dowling, iliyohusu rekodi za Elvis Presley zilizochapwa bila ruhusa: ikakataa kuziita mali ya wizi chini ya sheria ya kusafirisha mali iliyoibwa. Kukiuka hakimiliki ni kosa lenye jina lake.

Halafu kuna neno lenyewe, hakimiliki. Haki kwetu ni ile unayodai mahakamani, na pia ni uadilifu. Ndiyo maana tunachanganyikiwa upesi. Richard Stallman, mwandishi wa programu wa Marekani aliyeanzisha mwaka 1983 mradi wa GNU wa programu huru, anashikilia kwamba kumkataza mtu asimpe jirani yake nakala ndiko kukosa uadilifu. Lakini leseni yake ya GPL ya 1989, inayokuruhusu kunakili na kubadilisha programu kwa sharti kwamba ukiisambaza uwape wengine ruhusa hiyo hiyo, inasimama juu ya hakimiliki hiyo hiyo. Bila sheria isingekuwa na meno.

Basi, mwalimu wangu, sema "nakala isiyo na leseni", tutakuelewa. Ukiona ni vibaya pia, tueleze nani kaumia na vipi. Na ninyi mliokuwa mkicheka viti vya nyuma, flashi mkononi: nimesema si wizi, sijasema ni halali.