Je, wajua kwa nini utepe wa gongo uliitikisa NHL, ligi kuu ya mpira wa magongo wa barafuni ya Marekani na Kanada?

Mchezaji wa mpira wa magongo wa barafuni huzungushia gongo lake utepe, chini ili kisahani kinachopigwa kisiteleze, na juu ili mkono ushike imara. Kwa kawaida utepe huo ni mweusi au mweupe. Mnamo Januari 2016 wachezaji wa Edmonton Oilers ya Kanada walitumia utepe wenye rangi za upinde wa mvua, alama ya wapenzi wa jinsia moja, katika onyesho la ustadi, ili kijana anayependa watu wa jinsia yake ajue, kwa kuutazama tu, kwamba hatakataliwa uwanjani.

Ujumbe huo ulihitajika. Aprili mwaka huohuo, Andrew Shaw wa Chicago Blackhawks alinaswa na kamera akimtolea mwamuzi tusi la kuwadhalilisha mashoga, akafungiwa mchezo mmoja na kutozwa faini ya dola 5,000. Adhabu ilikuwa ya haki, lakini adhabu pekee haimwondolei hofu anayejificha: Luke Prokop, aliyejitangaza kuwa shoga Julai 2021, ndiye aliyekuwa wa kwanza kufanya hivyo miongoni mwa wachezaji wenye mkataba na timu ya NHL.

Mgogoro ulianza Januari 2023, Ivan Provorov wa Philadelphia Flyers alipokataa, kwa sababu za kidini, kuvaa jezi ya upinde wa mvua wakati wa kupasha misuli. Wengine kadhaa walimfuata. Juni ligi ikaziondoa jezi zote za kampeni katika mazoezi hayo, ikidai kwamba mabishano yanaufunika ujumbe wenyewe, na Oktoba ikaupiga marufuku hata utepe. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, ilipokosea vibaya, kwa sababu jezi huvaliwa na timu nzima, ilhali utepe ni hiari ya mtu mmoja na gongo lake; kuukataza hakukumlinda yeyote aliyelazimishwa, bali kuliwanyamazisha waliotaka kusimama na wenzao.

Tarehe 21 Oktoba 2023, Travis Dermott wa Arizona Coyotes, beki ambaye hakuwa nyota, aliingia barafuni dhidi ya Anaheim Ducks akiwa na utepe huo kwenye mpini wa gongo lake, akijua kwamba angeweza kuadhibiwa. Siku tatu baadaye, baada ya kushauriana na chama cha wachezaji, NHL iliondoa marufuku hiyo, na Dermott hakuadhibiwa.