Je, wajua kwa nini moshi wa jikoni humwachia mtoto nimonia?

Pitisha kidole chini ya sufuria iliyopikiwa kuni tangu asubuhi. Ule weusi unaong'ang'ania kidoleni hata ukinawa kwa sabuni ndio huohuo mama anaouvuta akichochea moto. Aliyebebwa mgongoni naye anauvuta, tena kwa pumzi za harakaharaka, maana mtoto mchanga hupumua mara nyingi kuliko mtu mzima.

Sasa, motoni hakuna bakteria anayepona. Inakuwaje basi Shirika la Afya Duniani liseme kwamba karibu nusu ya vifo vya nimonia kwa watoto wa chini ya miaka 5 vinatokana na moshi wa majumbani?

Bakteria wa nimonia tayari wamo. Watoto wengi wenye afya njema wanao puani na hawadhuriki. Wachache wakiteremka kifuani hunaswa na ute, na chini ya ute kuna vijinywele visivyoonekana kwa macho, vinavyopiga makasia zaidi ya mara 10 kwa sekunde kuusukuma juu hadi kooni. Moshi huvilegeza vijinywele hivyo na kuufanya ute uwe mzito. Tena huzichokoza kuta za njia ya hewa zikatoa vishikizo ambavyo bakteria huvitumia kujinatisha.

Lakini kinachonigusa zaidi kiko chini kabisa, kwenye vifuko vya hewa, ambako vijinywele havifiki. Huko ulinzi ni wa seli kubwa ziitwazo makrofaji, yaani seli walaji. Seli mlaji ikimkuta bakteria humzungushia mwili wake, ikamfungia ndani ya kijifuko, kisha ikammiminia tindikali, vimeng'enya na sumu za oksijeni mpaka akayeyuka. Kazi hii inaendelea kifuani mwako wakati unasoma hapa, na wala hukohoi.

Chembe za moshi zisizozidi mikromita 2.5, takriban sehemu ya 30 ya unene wa unywele wa kichwani, nazo hufika huko. Seli mlaji haichagui, inazimeza vilevile. Masizi ni kaboni, na kaboni haiyeyushwi na tindikali wala kimeng'enya, kwa hiyo yanabaki ndani. Kesho mama anapika tena, yanaongezeka mengine. Seli ikifa, nyingine inayokuja kuzoa mabaki yake inaurithi mzigo uleule.

Watafiti nchini Malawi wamezitazama seli hizi kwa macho yao. Waliwaingizia watu wazima maji ya chumvi kidogo mapafuni kwa mrija, wakayavuta tena yakiwa na seli ndani, wakaziweka chini ya darubini. Seli za watu wanaoishi na moshi zilikuwa na madoa meusi ya masizi. Na kadiri weusi ulivyozidi, ndivyo seli zilivyopungukiwa nguvu ya kumwaga zile sumu za oksijeni. Mlinzi yupo, amemeza, ila kuua kunamshinda. Bakteria aliyesalia anapata nafasi ya kuzaana, vifuko vinajaa usaha na maji, na mtoto anaanza kubonyea mbavu akitafuta hewa.

Basi tugawe majiko sanifu, mtu atasema. Nami ningesema hivyohivyo. Huko huko Malawi, katika maeneo ya Karonga na Chikwawa, walifanya jaribio lililohusisha watoto 10,750, na nusu ya vijiji vikapewa majiko yenye feni yanayopunguza moshi. Matokeo yalitoka 2017: ajali za kuungua zilipungua, nimonia haikupungua. Niliyasoma mara mbili kwa uchungu. Jiko lilikuwa jipya, lakini nje ya mlango takataka ziliendelea kuchomwa, sigara zikavutwa, na moshi wa jirani ukaingia dirishani kama zamani.