Maji Yanapokwenda na Kurudi: Kwa Nini Kingo za Mawe Hubonyea

Malalamiko kuhusu kingo za mawe (tabaka la mawe linalokinga ukingo wa maji usiliwe) zinazobonyea yamekuwa mengi, na waombaji wengi wa kibali wanataka waruhusiwe kuweka mawe makubwa zaidi. Mara nyingi mawe hayana kosa. Kinachopungua ni udongo ulio chini yake, unaotoroka kidogo kidogo kupitia kwenye chujio, yaani tabaka la changarawe au kitambaa kati ya udongo na mawe, linalopitisha maji na kuzuia punje.

Kanuni ya mhandisi wa udongo Terzaghi kuhusu chujio la changarawe inafahamika (D15 au d15 ni ukubwa ambao asilimia 15 ya punje, kwa uzito, ni ndogo kuliko huo; d85 ni vivyo hivyo kwa asilimia 85; D ni ya chujio, d ni ya udongo): D15 ya chujio isizidi takriban mara 4 ya d85 ya udongo ili punje zisipite, wala isipungue takriban mara 4 ya d15 yake ili maji yapite. Kwa kitambaa cha chujio tunalinganisha matundu yake na punje hizohizo. Tatizo ni kuichukua kanuni iliyokusudiwa maji yanayopita upande mmoja na kuitumia penye mawimbi au maji ya kupwa na kujaa.

Maji yakitoka upande mmoja tu, chembe laini zilizo karibu na matundu huondoka mwanzoni. Punje kubwa hubaki, zikaegemeana juu ya tundu kama tao, na nyuma yake hujipanga punje ndogo zaidi. Udongo umejijengea chujio lake wenyewe na upotevu unakoma. Wimbi likirudi, maji husukuma kuelekea ndani, punje zile huachana na tao huvunjika. Maji yakitoka tena, chembe nyingine huondoka. Mchanga laini usio na mfinyanzi ndio huumia zaidi, kwa kuwa hauna kinachozishikanisha punje zake.

Kwa hiyo penye mwendo wa kwenda na kurudi tunadai matundu madogo zaidi. Hapa wengi hukimbilia kitambaa kizito kuliko vyote sokoni. Tumelieleza hili mara nyingi: uzito si kipimo cha matundu. Kitambaa kisichopitisha maji haraka nacho ni hatari, kwani maji ya nje yakishuka ghafla, yale yaliyobaki ndani ya udongo hukisukuma kwa nguvu na yanaweza kuinua mawe. Kitambaa pia kigusane na udongo kila mahali; pakiwa na uwazi, punje hutembea chini yake na kuteremka mteremko.

Kuhusu utaratibu: ombi liambatane na matokeo ya uchambuzi wa ukubwa wa punje kwa kila tabaka la udongo, cheti cha kipimo cha matundu na cha upitishaji maji, na maelezo ya viwango vya juu na vya chini vya maji. Mkaguzi aitwe kitambaa kikiwa wazi, kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Kazi iliyofunikwa bila ukaguzi itasimamishwa kwa maandishi, na mkandarasi ataifunua kwa gharama zake. Picha za simu hazitapokelewa badala ya ukaguzi, hata zikiwa na tarehe.