Ithibati na Nembo za Polisi wa Marekani: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Wengi huamini kwamba idara ya polisi nchini Marekani haiwezi kufanya kazi bila ithibati, yaani cheti cha kuonyesha kwamba inafuata viwango vilivyowekwa vya kazi ya polisi. Ukweli ni kwamba CALEA, tume inayojulikana zaidi katika kutoa ithibati hiyo, si chombo cha serikali: iliundwa mwaka 1979 na vyama vinne vya viongozi wa polisi, na idara hujiunga nayo kwa hiari, tena kwa kulipa ada. Nchi ina takribani idara 18,000, na nyingi kati yake hukamata na kupeleleza bila ithibati hiyo, kwa kuwa mamlaka yao hutoka katika sheria.

Wapo pia wanaodhani kwamba ithibati ni hakikisho la uadilifu wa kila askari. Wakaguzi hutazama kanuni zilizoandikwa, kwa mfano za matumizi ya nguvu, utunzaji wa vielelezo na ushughulikiaji wa malalamiko, pamoja na ushahidi kwamba zinafuatwa. Kisha ithibati hudumu miaka minne, ikipitiwa kila mwaka. Si jambo dogo, maana mlalamikaji hupata kanuni ya kushikilia, lakini askari mkorofi anaweza kuwamo katika idara yenye cheti safi kabisa.

Idara zilizofaulu huruhusiwa kubandika alama ya tume kwenye magari yao, na hapo ndipo wapitanjia huichanganya na nembo ya idara yenyewe, ambayo nayo hudhaniwa kuwa kila kilichochorwa ndani yake kinazungumzia sheria. Tazama bega la askari wa New York. Nembo iliyo pale imetokana na ile ya jiji, na sehemu kubwa ya nembo hiyo ni habari za biashara: mabawa ya kinu cha upepo, mapipa ya unga, na biva, mnyama wa mtoni ambaye manyoya yake yaliwatajirisha Waholanzi. Upande mmoja amesimama baharia mwenye bildi ya kupimia kina cha maji, na upande wa pili mwenyeji wa Manhattan mwenye upinde. Tai aliye juu aliwekwa mwaka 1784, baada ya uhuru, mahali palipokuwa na taji la Uingereza.

Hata mwaka ulioandikwa kwenye muhuri wa jiji, wenye nembo hiyo, ulizua mabishano: ulikuwa 1664, Waingereza walipoutwaa mji, hadi miaka ya 1970 ulipobadilishwa kuwa 1625 ili kuwatambua Waholanzi waliotangulia. Mwaka huo nao hauhusu polisi: polisi wa jiji hilo waliundwa mwaka 1845.