Risasi, ganda na chubwi: umeokota nini mchangani Shela?

Ukisema umeokota risasi, kwa Kiswahili bado hujasema umeokota nini. Risasi ni madini, ile metali laini, nzito, ya kijivu, inayopatikana ndani ya betri za gari. Risasi pia ni kile kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki. Jina ni moja kwa sababu kwa karne kadhaa kilichotoka mtutuni kilikuwa tonge la madini hayo, basi.

Siku hizi tunaongeza mkanganyo wa tatu, maana tunaita risasi hata kile kitu kizima kinachotiwa bundukini. Kile kina sehemu nne: ganda la shaba, baruti ndani yake, fataki (kiwashio) kitakoni, na risasi yenyewe mdomoni. Bunduki ikilia, risasi ndiyo huenda. Ganda hutemwa pale pale. Ndiyo maana habari za polisi husema wameokota “maganda ya risasi”: hayo huonyesha aliposimama mpigaji, si aliposimama mpigwaji.

Gobore, bunduki ya kale, halikuwa na ganda. Baruti ilimiminwa mdomoni mwa mtutu, ikashindiliwa pamoja na tambara na goroli ya risasi. Hapa ndipo tofauti hii inapomfaa mtembea kwenye vilima vya mchanga vya Shela, kijiji cha kisiwani Lamu. Vita vya Shela, watu wa Lamu walipowashinda Wapate na Wamazrui wa Mombasa, vilipiganwa takriban mwaka 1812. Maganda ya shaba yalienea majeshini miongo mingi baadaye. Waingereza walipokea bunduki ya Martini-Henry, iliyotumia maganda hayo, mwaka 1871. Kwa hiyo ukiambiwa ganda la shaba ulilookota Shela ni la vita vile, cheka kwa adabu. Linaweza kuwa kuukuu, la enzi ya msafara wa Waingereza dhidi ya usultani wa Witu mwaka 1890 au la vita vikuu vya dunia, lakini la 1812 haliwi.

Goroli nayo ina mtego wake. Mimi nilitunza “risasi ya Vita vya Shela” ndani ya kopo la kahawa karibu mwaka mzima. Niliiokota nyuma ya vilima, upepo wa kusi ulipokuwa umechuna mchanga: nzito, mviringo wa kubahatisha, imepakwa ukungu mweupe kama chokaa. Nikamwonyesha mzee mmoja aliyekuwa akitia viraka jarife. Akaigeuza, akachukua sindano ya nyavu, akachokoa. Mchanga ukamwagika, tundu likatokea upande hadi upande.

“Risasi ni risasi, mwanangu,” akasema, “lakini hii imeua changu tu.”

Ilikuwa chubwi, kile kizito cha kuzamisha mshipi. Wavuvi huyeyusha risasi wakaimimina kwenye kalibu, sawasawa na walivyofanya watu wa magobore, kwa hiyo hata alama ya mshono wa kalibu haikuokoi. Tundu ndilo ushahidi. Goroli ya gobore haina tundu. Huwa na kibonge kidogo pale risasi ilipomiminwa, na ikiwa ilipiga kitu kigumu hubonyea upande mmoja kama embe lililoanguka.

Kabla ya tundu, pima uzito na rangi. Goroli ya risasi yenye upana wa milimita 17 ina gramu kama 29. Ya chuma ya upana huo huo ina 20 hivi. Sumaku uliyoing’oa kwenye spika mbovu itanasa chuma na kuiacha risasi. Chuma huota kutu nyekundu na kumeguka magamba magamba (misumari ya majahazi, yenye pande nne, imejaa pwani na huwadanganya wengi). Shaba huota kijani. Risasi huota ule weupe, na weupe huo ni sumu, hivyo nawa mikono kabla hujashika mkate wa mofa.

Ganda husomwa kitakoni. La bunduki ya Kiingereza ya inchi 0.303 lina ukingo uliotokeza nje, na mara nyingi limegongwa herufi za kiwanda, tarakimu za mwaka na VII ya Kirumi, yaani aina ya saba ya risasi hiyo, iliyoanza 1910. La bunduki ya AK halina ukingo huo, lina mfereji tu, na mara nyingi ni la chuma, kwa hiyo sumaku hunasa. Usilisugue kwa ndimu na majivu ling’ae. Utang’arisha shaba na kufuta maandishi.

Haya yote ni kwa ganda tupu. Likiwa na risasi mdomoni, liache chini, hata kama fataki ina kishimo cha kupigwa. Huenda ilipigwa ikagoma. Umri hauizimi baruti. Chochote chenye mapezi, waya au umbo la chupa usikiguse kabisa, hasa upande wa bara kuelekea msitu wa Boni, ambako operesheni ya usalama ilianza 2015. Weka alama mbali kidogo, rudi kwa nyayo zako, piga simu polisi. Na risasi nzima mfukoni bila kibali ni kosa, iwe ya juzi au ya babu yako.

Kitu kisicho na hatari lakini kinachoonekana cha kale, kipige picha pale pale kilipo, kando yake weka sarafu ya shilingi kumi ya kulinganisha, kisha andika mahali. Sheria ya makumbusho ya Kenya ya mwaka 2006 inampa aliyegundua kitu cha akiolojia siku saba kuijulisha Makumbusho ya Taifa, na Lamu ofisi yao iko pale pwani, mbele ya bahari. Watakuuliza kwanza kilikuwa wapi. Goroli iliyolala peke yake ni goroli. Kumi zilizotapakaa upande mmoja wa kilima huweza kuonyesha watu walikokuwa wakikimbilia.

Ile chubwi yangu ningali nayo. Nimeifunga kwenye mshipi.