Mzee asiyefika zahanati ndiye anayehitaji huduma zaidi

Ukifungua daftari la wagonjwa katika zahanati ya kijijini, unaweza kudhani wazee wa hapo hawana shida kubwa, maana majina yao ni machache. Lakini mzee mwenye magoti mabovu hawezi kutembea kilomita nane kwenda kueleza kwamba hawezi kutembea. Sisi wataalamu tumelikosea hili kwa muda mrefu: tunapanga huduma kwa kuwahesabu waliofika.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ifikapo mwaka 2030, mtu mmoja kati ya kila sita duniani atakuwa na umri wa miaka 60 au zaidi. Vijijini uzito wake unaonekana mapema, kwa sababu vijana wanahamia mijini kutafuta kazi na wazee wanabaki.

Mzee mwenyewe naye hasemi. Mwulize hali, atakujibu, "Ni uzee tu, mwanangu." Kwa hiyo ukimtembelea nyumbani, mwulize jana ilikwendaje. Alioga mwenyewe? Maji aliletewa na nani? Usiku aliamka mara ngapi kwenda msalani, na njiani alijishika wapi? Wakati mwingine hata kuuliza hakuna haja. Tazama ukuta: utakuta alama nyeusi, laini, kwenye kimo cha kiuno, kutoka kitandani hadi mlangoni. Hapo ndipo mkono wake unapopita kila usiku. Mti imara uliopigiliwa ukutani mahali hapo ni huduma kamili, na fundi yeyote wa kijiji anauweza.

Naisisitiza miguu kwa sababu kuanguka kunaua. Kila mwaka watu wapatao 684,000 duniani hufa kwa kuanguka, na walio wengi wana zaidi ya miaka 60. Kipo kipimo rahisi cha nguvu za miguu. Mzee aketi kwenye kiti imara kilichoegemezwa ukutani, akunje mikono kifuani, kisha asimame na kuketi mara tano bila kujishika, nawe ukiwa karibu tayari kumdaka. Akishindwa, au akizidisha sekunde 14, mhudumu wa afya amchunguze zaidi. Asiyeweza kusimama bila msaada asijaribishwe. Jibu lake tayari unalo.

Macho, masikio, kumbukumbu, lishe na huzuni navyo vikaguliwe katika ziara hiyohiyo.

Kuna mtu mwingine ambaye hayumo katika daftari lolote: binti, mkwe au mjukuu anayemgeuza mzee kitandani asipate vidonda. Mlezi huyu mgongo unamuuma, shamba limelala, na hana wa kumpokea zamu. Familia nyingi haziombi mzee apelekwe makao ya wazee. Zinaomba mtu wa kushika nafasi ya mlezi siku mbili kwa wiki. Kwa hiyo mhudumu anayekwenda kumwona mzee amwulize na mlezi: jana ulilala saa ngapi?